Ndoa Si Mtumbwi wa Kuvukia



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotufuatilia kutoka mbali,

Juma hili naandika juu ya jambo lililonipatia jina la padre asiye na huruma. Maneno hayo yalisemwa ukumbini baada ya Misa yetu ya Kiswahili, kwa sauti ya kutosha ili niyasikie, nami niliyasikia. Sikujibu papo hapo, kwani hasira ni hasara. Leo najibu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mtu mmoja alinijia ofisini. Hakuja kitubioni, angekuja kitubioni msingesoma neno lolote hapa, na hata hivi nimebadili mambo kadhaa ili asitambulikane. Aliniomba barua yenye muhuri wa parokia, isemayo kwamba yeye na mkewe, raia wa Marekani, wanaishi pamoja na husali pamoja kanisani kwetu kila Dominika. Barua hiyo ilikuwa iwekwe katika jalada la mahojiano ya kadi ya kijani, yale tunayoyaita kwa kifupi "makaratasi". Nikamwuliza mkewe yu wapi, maana sijapata kumwona. Alinyamaza kitambo, kisha akaeleza. Mwanamke huyo wamekubaliana kwa fedha. Kila mmoja anaishi mji wake. Mke aliyefunga naye ndoa mbele ya altare yuko nyumbani Afrika na watoto, anangoja. "Padre, hii ni karatasi tu," akasema. "Mungu anaujua moyo wangu."

Nilikataa kuandika. Hilo ndilo kosa langu.

Kabla ya kuwajibu walionihukumu, nawasimulia jambo jingine. Majuma mawili kabla ya siku ile niliwasindikiza vijana wawili niliowafungisha ndoa mwenyewe, yeye mwanaume mgeni kutoka nyumbani, mkewe raia aliyekulia hapa. Walitakiwa kufika ofisi ya uhamiaji asubuhi kwa mahojiano. Mimi nilibaki katika chumba cha kungojea. Pale nilijionea jinsi watu wanavyokaa: wameshika mafaili yaliyonenepa, mkataba wa kupanga nyumba wenye majina mawili, taarifa za benki, bili za umeme, bima, picha za harusi, vyeti vya watoto. Mke anamrekebishia mume tai. Mume anauliza kwa kunong'ona, "Dada yako wa pili anaitwa nani vile?" Nimekaa katika vyumba vingi vya kungojea, hospitalini na hata mahakamani, lakini pale niliona hofu ya namna nyingine: watu wa kweli wakihofu kutoaminiwa.

Walipotoka walinisimulia. Waliinua mkono wa kulia wakaapa kusema kweli. Wakaulizwa walikutana wapi, nani alimposa nani, nani hupika, nani huamka kwanza. Mume alikosea tarehe ya siku waliyokutana. Mke aliulizwa jina la mama mkwe akakwama, kwa kuwa tangu siku ya kwanza hujamwita ila "Mama", na kwetu mke hamtaji mkwewe kwa jina. Alimweleza afisa hivyo hivyo. Afisa akacheka kidogo, akaandika, akaendelea. Kisha mume akaulizwa mkewe anatumia dawa gani, akazitaja zote, na saa za kuzimeza. Afisa akafunga jalada.

Ndugu zangu, wale wawili walikosea majibu, na bado kweli yao ilionekana. Huyu mwingine angekariri majibu yote, na bado angekuwa mwongo. Sasa nijibu hoja moja moja.

Hoja ya kwanza: ni karatasi tu. La hasha! Ndoa haifanywi na karatasi, bali na ridhaa ya wawili. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa yafundisha hivyo, na kanuni ya 1101 yasema kwamba mtu akiikataa ndoa yenyewe moyoni kwa tendo la hiari, huku mdomo wake ukitamka maneno ya ndoa, hafungi ndoa yoyote. Kwa hiyo asemaye "ni karatasi tu" amekiri kwa kinywa chake kwamba pale hapana ndoa. Amesimama mbele ya mashahidi, akatamka ahadi kubwa kuliko zote ambazo binadamu aweza kumpa binadamu mwenzake, na hakukusudia hata neno moja. Hata serikali yalijua hilo. Haiulizi tu kama mna cheti. Yauliza kama siku ile mlikusudia kuishi pamoja.

Naona aibu kusema, lakini nitasema: kuna wakati afisa wa uhamiaji huiheshimu ndoa kuliko sisi wabatizwa. Someni kitabu cha Mwanzo, sura ya 12. Abrahamu alipofika Misri kwa sababu ya njaa, mgeni mwenye hofu, aliidanganya serikali ya nchi ile kuhusu ndoa yake, akamfanya Sara kuwa dada yake ili apate kuishi. Matokeo yake Sara alichukuliwa nyumbani mwa Farao, na nyumba ya Farao ikapigwa kwa mapigo. Nani aliyemkemea baba wa imani? Farao, mpagani! Yeye ndiye aliyeona uzito wa jambo ambalo mteule wa Mungu alilifanya jepesi. Tusilifumbie macho fungu hilo eti kwa sababu Abrahamu ni mtakatifu wetu.

Hoja ya pili: Mungu anaujua moyo wangu. Naam, anaujua, na anaujua pia moyo wa yule mama aliyeko nyumbani. Yeye amewaambia nini watoto? Katika fomu mtu huulizwa kuhusu ndoa zake zote za awali. Ili mambo yapite, huyu mke wa altareni lazima afichwe, au apewe talaka ya mahakama "ya muda" ili mumewe aoe kwingine "kwa muda". Nimewahi kuketi na wanawake wa namna hiyo nilipokuwa likizo nyumbani. Mwaka wa kwanza simu hupigwa kila jioni. Mwaka wa tatu hupigwa Krismasi. Baadaye picha huonekana, na ndani ya picha kuna mtoto mchanga. Uongo ulioanza kuwa wa makaratasi hupata mwili, kwa maana binadamu si karatasi.

Hoja ya tatu, na hii ndiyo nzito: sheria zenyewe ni kali, na watu wana shida za kweli. Hapa sitawapinga bure. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mpaka wa nchi ni mtakatifu kuliko mtu. Papa Pius XII aliandika juu ya familia za wahamiaji katika Exsul Familia mwaka 1952, na Katekisimu, namba 2241, yawataka mataifa yenye neema zaidi kumpokea mgeni kadiri yawezavyo. Tena, mwezi Novemba mwaka 2025 iliripotiwa kutoka San Diego, California, kwamba wenzi wa raia walikamatwa ndani ya ofisi walikokwenda kwa mahojiano ya kadi ya kijani, kisa muda wa viza zao ulikuwa umepita. Mtakumbuka kwamba sheria ya nchi hii humruhusu mwenzi wa raia aliyeingia kihalali kuomba ukaazi hata kama viza yake imekwisha muda. Kumwita mtu kwa barua aje aseme kweli, kisha kumtia pingu mbele ya mkewe, ni jambo ambalo dhamiri ya Kikristo haiwezi kulinyamazia. Nalisema wazi, na aliye na jirani serikalini amfikishie.

Lakini sikilizeni vema. Ukali wa sheria haumpi mtu ruhusa ya kukanyaga sakramenti. Namba hiyo hiyo ya Katekisimu yamkumbusha mhamiaji wajibu wake wa kutii sheria za nchi iliyompokea. Na zaidi ya hayo, nani hulipa gharama ya uongo wetu? Hulipa wale vijana wangu wawili. Kila ndoa ya kununua inayogunduliwa huzidisha maswali kwa ndoa kumi za kweli. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilitunga sheria dhidi ya ndoa za udanganyifu. Tangu hapo aliyeoana kwa muda usiofika miaka 2 siku anapopewa ukaazi, hupewa wa masharti, wa miaka 2, kisha huthibitisha upya kwamba ndoa ipo. Mzigo huo waubeba wasio na hatia.

Nawe mwenye kudhani ni mchezo, ujue unachokichezea. Adhabu ya kufunga ndoa ili kukwepa sheria za uhamiaji yaweza kufika kifungo cha miaka 5, au faini ya dola 250,000, au vyote viwili. Na aliyethibitika kufanya hivyo, ombi lolote la baadaye kupitia mwenzi au ndugu hukataliwa, hata siku atakapopenda kwa kweli na kuoa kwa kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na hii huishia ukutani.

Nawe raia uliyeahidiwa fedha, usijidanganye kwamba utachukua chako na kuondoka. Ile fomu ya udhamini unayoisaini hukufunga kumtunza mtu yule mpaka awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aondoke nchini kabisa, au mmoja wenu afe. Talaka haikufungui.

Tena kuna jambo ambalo madalali wa ndoa hizi hawalisemi. Aliyeshika makaratasi ya mwenzake ameshika fimbo. Tangu mwaka 1994 sheria humruhusu mwenzi anayeteswa na raia kujiombea ukaazi mwenyewe bila kumtegemea mtesi, lakini kwa sharti kwamba ndoa ilifungwa kwa nia njema. Aliye katika ndoa ya kununua, akipigwa au akidaiwa fedha zaidi kila mwezi, atakimbilia wapi? Amejifungia mlango kwa mkono wake.

Hoja ya nne: padre angeandika tu, dhambi ingekuwa yao. Hapana. Kushuhudia uongo ni dhambi ya anayeshuhudia. Muhuri wa parokia si mali yangu, ni wenu. Siku nitakapoupiga juu ya uongo mmoja, barua niliyowaandikia vijana wale haitakuwa na thamani tena, wala ile nitakayomwandikia binti yako kesho.

Niseme pia neno kwetu sisi makuhani, nisije nikawa mwepesi wa kuona kibanzi cha wengine. Wachumba wanapokuja kuandikisha ndoa, nasi huwauliza maswali, kila mmoja peke yake, kwa kiapo. Mara ngapi tumeyauliza harakaharaka kwa sababu ukumbi umeshalipiwa na kamati ya harusi imeshachangisha? Wachumba hukariri majibu ofisini kwetu kama wengine wanavyokariri kwa afisa. Kama tungeuliza kwa makini kama yule afisa alivyouliza, pengine ndoa nyingi za parokia hii zingesimama imara zaidi. Nimeanza kurekebisha hilo, na wachumba wa mwaka huu wameshalalamika.

Nisieleweke vibaya. Siwasemi ninyi mlioharakia ndoa ya serikali kwa mapenzi ya kweli kwa kuwa muda wa viza ulikuwa ukiyoyoma. Ninyi njoni tuihalalishe ndoa yenu Kanisani. Mlango u wazi na hakuna wa kuwasuta. Wala siwapi ruhusa nyie mnaonong'ona juu ya ndoa za wenzenu kwa sababu mke ni mkubwa kwa umri au mume ni wa rangi nyingine. Ruthu alikuwa mgeni, mjane, Mmoabu. Boazi hakumchukua gizani wala hakuruka zamu ya ndugu aliyekuwa na haki kabla yake. Alikwenda langoni mwa mji, akaketi mbele ya wazee kumi, jambo likaamuliwa hadharani. Hivyo ndivyo mgeni anavyoolewa kwa heshima.

Kwa walio na shida ya makaratasi: mwepukeni yule "mtaalamu" wa mtaani asiye wakili. Nendeni kwa wakili wa uhamiaji au kwa wawakilishi waliothibitishwa na Idara ya Sheria. Ofisi nyingi za Catholic Charities zinao, na mtandao wa CLINIC, ulioanzishwa na maaskofu wa Marekani mwaka 1988, upo kwa kazi hiyo. Mwambieni yote, maana mficha uchi hazai.

Na wewe uliyeniomba barua, ukisoma haya, jua kwamba sijakufunga mlango. Barua ile sitaandika. Lakini njoo Jumatano, tukae na wakili tuone iliyo njia ya halali, hata ikiwa ndefu, hata ikiwa ni ya kurudi nyumbani. Kisha tumpigie simu mkeo. Nitakaa nawe mpaka atakapopokea.

Mungu awabariki nyote, na Familia Takatifu, iliyokimbilia Misri, iwaombee wote walio safarini.

Wenu katika Kristo,
Paroko