TUKIMWANDIKIA MCHUNGAJI AJAYE, TUSIMFICHE KITU

Sifa zimrudie Mungu aliyetulinda wiki nzima hapa Garissa, na ninyi mlio Madogo, Masalani, Dadaab, Wajir na Mandera. Nawasalimu pia ndugu zetu waliohamishwa wakarudi bara lakini bado wanatufuata hapa mtandaoni.

Mnajua kwamba mwisho wa mwaka nitakabidhi kazi. Ofisi ya kanisa imewaomba wazee waandike maelezo ya kanisa letu na mji wetu, ili watumishi watakaofikiriwa kuja wayasome kwanza na kuomba. Nimeona rasimu mbili zikizunguka katika vikundi vya simu. Leo nataka kutoa maoni yangu wazi, kwa upendo, kwa sababu barua hii itaamua kama mtakuwa na mchungaji wa kukaa au mgeni wa miezi mitatu.

Somo letu ni Hesabu 13.

Tumezoea kuhubiri sura hii tukiwasifu Yoshua na Kalebu na kuwalaumu wale kumi. Leo nendeni mstari wa 17 hadi 20. Kabla ya wapelelezi kuondoka, Musa aliwapa maswali. Nchi ikoje? Ina rutuba au ni kavu? Ina miti? Watu wake ni wachache au wengi, wana nguvu au ni dhaifu? Wanakaa kambini au ndani ya ngome? Musa alitaka maelezo kamili. Hakusema, "Leteni habari nzuri tu ili watu wasiogope."

Tena angalieni jambo hili. Wote kumi na wawili waliona nchi ileile. Yoshua na Kalebu hawakukana kwamba majitu yapo, na wale kumi hawakukana kwamba zabibu zipo, maana kichala chenyewe kilibebwa na watu wawili kwenye mti. Waliachana pale kila mmoja alipoamua afanye nini na ukweli aliouona. Imani haijawahi kuhitaji kusaidiwa na uongo.

Sasa nirudi kwenye rasimu zetu.

RASIMU YA KWANZA ni ya zabibu tupu. Inasema mji umetulia, barabara ni ya lami kutoka Nairobi, kanisa lina moto wa Roho Mtakatifu, karibu sana mtumishi. Yote ni kweli, na yote hayatoshi. Haisemi kwamba ibada yetu inaanza kwa kupekuliwa langoni. Haisemi lolote kuhusu joto, wala maji, wala mshahara. Mtumishi akiamini barua hii, atakuja na watoto watatu na jokofu, na kabla ya mvua ya kwanza atakuwa anatafuta lori la kurudi.

RASIMU YA PILI ni ya majitu matupu. Ni damu, mabomu na machozi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wapendwa, naijua roho ya barua hii. Ni barua ya kuomba hela, na inawavutia watu wa aina mbili: wafadhili wanaotaka kulia, na watumishi wanaotaka kuwa mashujaa. Shujaa akifika akute akina mama wanapanga zamu ya kufagia kanisa na vijana wanagombana juu ya kinanda, atachoka mapema. Hapa panatakiwa mchungaji.

Basi niseme mambo ambayo mimi ningetaka yaandikwe.

1. ANDIKENI MJI JINSI ULIVYO.
Ni kama kilomita 370 kutoka Nairobi, njia ya Thika na Mwingi. Ukivuka daraja la Tana umeingia Garissa. Ng'ambo ya pili, Madogo, ni Kaunti ya Tana River, na baadhi ya washirika wetu wanalala kule na kuabudu huku. Mto huu unatulisha: ndizi, maembe, mapapai na matikiti yote yanatoka kwenye mashamba ya ukingoni. Mto huohuo ukifura unakata barabara. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, maji yalitutenga na bara. Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu ilizama palepale, watu wakafa. Na kabla ya mafuriko hayo tulikuwa tumetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo, mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Mchungaji ajue kwamba hapa ataombea mvua mwaka mmoja, na mwaka unaofuata ataombea ikome.

2. ANDIKENI SISI NI NANI.
Sisi ni kanisa la watu wa barua za kazi. Walimu, wauguzi, polisi, wanajeshi, makarani wa kaunti, mafundi, wauza nguo na watu wa vibarua. Wako pia ndugu zetu wa hapa ukingoni mwa Tana ambao hawajatoka bara popote. Wengi wetu tulikuja kwa sababu tuliandikiwa kuja, na tutaondoka tukiandikiwa kuondoka. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, tume inayowaajiri iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mtu wa Nairobi aliisoma kama habari ya elimu. Sisi tunajua kwamba mwalimu wa shuleni ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili, ndiye sauti ya pili kwenye kwaya, ndiye mweka hazina. Basi moja likiondoka, idara nzima ya kanisa imeondoka.

Kwa hiyo mtumishi anayehesabu mafanikio kwa vichwa asije. Hapa unafundisha mtu, unambatiza, unamlea, halafu unamsindikiza stendi. Matunda yako yataonekana Kitale, Machakos na Kisii, na huenda usiyaone kamwe. Hiyo nayo ni huduma.

3. ANDIKENI JERAHA, KWA MANENO MACHACHE NA TAREHE.
Novemba 2011, gruneti lilirushwa kwenye kanisa la Kipentekoste mjini hapa na watu wakafa. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili yalishambuliwa asubuhi moja. Katika kanisa la AIC waliuawa watu wapatao 17, wakiwemo polisi waliokuwa wakilinda mlango. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na baadhi yao walikuwa kwenye maombi ya alfajiri.

Msiongeze chumvi na msipunguze. Mchungaji ajue kwamba ndani ya kanisa hili kuna mtu ambaye hawezi kukaa na mgongo kuelekea mlango. Kuna mama ambaye fataki za harusi zinamtoa nje akitetemeka. Asimkemee kana kwamba ana pepo la woga. Amjue kwanza, akae naye, ndipo amwombee.

4. ANDIKENI JIRANI NAYE, KWA HAKI ILEILE.
Hapa najua wengine mtanuna, lakini nivumilieni.

Rasimu zote mbili hazina jirani. Yaani tumeuelezea mji ambao karibu watu wake wote ni Wasomali na Waislamu, na hatujawataja isipokuwa kama hatari. Huo si ukweli kamili, na Mungu wetu ni Mungu wa kweli.

Baada ya Julai 2012, viongozi wa Waislamu nchini walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa ya Garissa. Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposhambuliwa, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafa Januari 2016. Mwislamu alikufa kwa sababu hakukubali kumsaliti Mkristo. Mkisema habari za mabasi mbele ya mchungaji mpya mkaacha hii, mmesema nusu.

Na kuna kaburi lingine. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Karatasi hapa Garissa, watu wakateswa na kuuawa. Februari 1984 ikawa Wagalla, kule Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mambo haya katika ripoti yake ya 2013. Mzee unayenunua kwake maziwa ya ngamia huenda alikuwa kijana mwaka ule. Akiona gari la askari limeegeshwa nje ya kanisa letu, sisi tunaona ulinzi, yeye anakumbuka moto. Mchungaji asiyejua jambo hili atadhani anachukiwa bure, kumbe amekutana na mtu mwenye msiba kama wake.

Kwa hiyo andikeni: tunahitaji mtumishi atakayejifunza Kisomali, angalau salamu. Atakayejua kwamba Ijumaa adhuhuri maduka yanafungwa, na kwamba mwezi wa Ramadhani hatuli barabarani. Anayeweza kuketi na imamu bila kukana Injili na bila kutafuta ugomvi. Yeremia 29:7 iliandikwa kwa watu waliokuwa mbali na kwao: utafuteni amani ya mji, mkauombee. Kisomali wanaiita amani "nabad," na ndiyo salamu yao. Kila asubuhi jirani anatutakia kile ambacho Yeremia alituagiza tukitafute.

5. ANDIKENI PESA NA NYUMBA.
Wazee, jambo hili huwa tunalikwepa kwa maneno ya kiroho. Andikeni mshahara kwa tarakimu. Andikeni kwamba sadaka hupanda mwisho wa mwezi, na hushuka Desemba watu wakienda nyumbani. Andikeni nyumba ya mchungaji ina vyumba vingapi, ina feni au haina, tanki linajaa mara ngapi. Bwana Yesu katika Luka 14 alisema mtu akitaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Mtahesabuje gharama ya mtu mwingine mkimficha bei?

Tena barua isomwe na mke wake pia. Wako watumishi waliokuja sehemu hizi wakiwa na wito wa mtu mmoja, nyumba ikavunjika kwa kimya. Mama mchungaji atakayeishi na joto hili ana haki ya kujua kabla.

6. ANDIKENI UDHAIFU WETU.
Semeni kwamba tunakaa kama watu wa stendi, mifuko imefungwa. Semeni kwamba wengine wetu huhudhuria vizuri hadi posho ya mazingira magumu itakapokoma. Semeni kwamba makabila ya bara tumeyabeba mpaka huku, na uchaguzi ukikaribia tunakaa ibadani kwa mafungu. Mgonjwa anayemficha daktari maradhi anaharibu nauli yake.

Sasa najua swali lenu, maana dada mmoja ameniuliza: "Pasta, tukiandika haya yote, nani atakuja?"

Ni swali zuri, na lina uzito. Kanisa la mji wa mbali linaweza kukaa bila mchungaji muda mrefu, na kondoo wakatawanyika. Simlaumu anayeogopa hilo. Lakini soma Yohana 10. Mtu wa mshahara akiona mbwa mwitu anakimbia. Je, unafikiri ukimficha mbwa mwitu, utakuwa umempata mchungaji? Umempata mtu wa mshahara ambaye bado hajaona mbwa mwitu. Siku akimwona ataondoka, na kanisa lililoachwa na mchungaji linaumia kuliko kanisa linalomngoja. Afadhali barua ya kweli iwarudishe nyumbani tisa na kumleta mmoja.

Tena ukweli una mvuto wake. Chuo kile kilichofungwa Aprili 2015 kilifunguliwa tena Januari 2016, na wanafunzi walijua yaliyotokea mle, wakaingia. Makanisa yaliyoshambuliwa yanaabudu hadi leo. Watu wa Mungu hawaogopi mahali pagumu kama tunavyodhani. Wanachoogopa ni kudanganywa na watu wa Mungu wenzao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazee: zichaneni rasimu zote mbili, mkae tena. Wekeni akina mama wawili na vijana wawili kwenye meza hiyo. Jibuni maswali ya Musa, moja baada ya jingine. Zabibu zibebwe, majitu yatajwe, halafu mwisho wa barua mwandike kama Kalebu kwamba pamoja na hayo yote, kwa Bwana inawezekana.

TUOMBE: Baba, tunakuomba mchungaji unayemjua wewe. Mwonyeshe Garissa kabla hajaiona. Mpe mke wake amani, au umpe ujasiri wa kusema hapana. Wapatie majirani zetu mema, mchana na usiku. Na sisi utupe vinywa vya kweli. Kwa jina la Yesu, amina.

Mpendwa, kama umekubali, usiandike "Amina" peke yake. Andika hapo chini jambo moja la kweli kuhusu kanisa letu ambalo mchungaji ajaye anapaswa kulijua, liwe tamu au chungu, bila kutaja jina la mtu. Katibu wa kanisa atayakusanya yote kabla ya Jumapili.

Mbarikiwe.