Viza ya masomo haiuzwi na komisioneri

Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, mabanki nayo yakafunga milango. Lakini kijana anayetaka kufanya masters Ubelgiji masharti yake ni yale yale: barua ya kupokelewa chuoni, uthibitisho wa pesa za kuishi, cheti cha daktari, kisha dosye ifike Kinshasa.

Hapo ndipo komisioneri anajitokeza na kuahidi viza kwa dola. Familia iliyokimbia vita inauza kiwanja chake cha mwisho. Pesa inaenda, kijana anabaki.

Viza inatolewa na serikali ya nchi husika peke yake. Masomo yakipita siku 90, inaombwa ya muda mrefu, si ya matembezi. Asiye na uwezo ajaribu burse za ARES za Ubelgiji, zinazolipia masomo na safari. Tena kuna njia ya karibu: tangu 2024 Mkongomani anaingia Uganda bila viza, na akipokelewa chuoni anaomba kibali cha mwanafunzi.

Ila aliyepoteza diplome njiani ana kazi ngumu zaidi. Vyuo vikuu vya Kivu viwape wakimbizi nakala mpya bila malipo. Msaada uanzie hapo.