Mgongo wa Mtu Mzima na Jirani Anayesingiziwa

Mahubiri yanayorudiwa katika vyumba vya maombi vya Bungulu, mjini Beni nchini Kongo, kwamba ugonjwa wa kuzaliwa nao hujionyesha utotoni na kwa hiyo anayekufa ganzi miguu akiwa na miaka 35 hana budi kuwa amerogwa, ni mafundisho ya uongo yanayolemaza watu, wala hayastahili kuvumiliwa kwa kisingizio cha imani.

Mrija wa neva, yaani chanzo cha ubongo na cha kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo mara nyingi mama mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito. Kasoro ikitokea hapo na kufunikwa na ngozi, kamba hiyo huweza kunasa upande wa chini, ikawa inavutwa kila mtu anapoinama, mpaka siku ambapo uzazi, kuanguka au mizigo ya shamba inayobebwa kwa ukanda wa kichwani inapoizidi nguvu. Ndipo kiuno huuma, mguu mmoja hukonda, na mkojo hutoka wenyewe. Ni jirani gani basi aliyeiroga mimba ambayo hata mwenye tumbo hakuijua?

Tena mara nyingi dalili huwa juu ya ngozi tangu kuzaliwa: kishungi cha nywele juu kidogo ya makalio, kibonyeo, au uvimbe laini wa mafuta. Bibi aliyemwogesha mtoto hukumbuka, lakini mhubiri hamwulizi bibi, wala haombi shati lipandishwe.

Eti Mungu hawezi kuficha kasoro miaka 30! Gego la mwisho hufichama ndani ya taya tangu utotoni na kuchomoza mtu akiwa na miaka 20, na hakuna shangazi anayeshitakiwa kwa ajili yake.

Tabia hii ya kutafuta mtu wa kulaumiwa kabla ya kutafuta ugonjwa imekwisha kuigharimu nchi hii, kwani wakati wa Ebola uvumi ulienea hadi vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa Februari 2019.

Upasuaji wa kuifungua kamba iliyonasa mara nyingi hupunguza maumivu, ila kibofu kilichokwisha kulegea muda mrefu mara nyingi hakirudi katika hali yake, na miezi ya mifungo anayoamriwa mgonjwa kabla ya kuruhusiwa kumwona daktari ndiyo miezi ambayo kibofu hicho kingeweza kuokolewa.