Nyota Begani au Deni la Bodi?

Mwezi huu nina ujumbe wa dada mmoja wa Nalasi, kule Tunduru, mkoani Ruvuma. Jina lake nalihifadhi.

Kwa ufupi, mchumba wake amemaliza kidato cha sita na JKT, na sasa ana milango miwili mbele yake. Wa kwanza ni Chuo cha Kijeshi cha Monduli, Arusha, asomeshwe na jeshi hadi shahada. Wa pili ni Chuo Kikuu cha Dodoma kwa mkopo wa Bodi, halafu ajaribu jeshi akiwa na shahada yake mkononi. Nyumbani kwao kijana wote wanashangilia Monduli kwa sababu moja tu, eti ni bure. Dada anauliza kama naye ana sauti katika jambo hili, au akae kimya asubiri kuambiwa.

Dada yangu, sauti unayo. Ila kabla ya kuitumia, piga hesabu vizuri, maana hapa kuna hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya pesa. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, haitoi sadaka. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kama mshahara huo ni shilingi 800,000, basi 120,000 zinaondoka kila mwezi kabla hajanunua hata kilo ya unga. Nafuu ipo, kwani ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Lakini deni ni deni, na mkioana mtalila wote wawili.

Monduli deni hilo halipo. Kijana husoma shahada ya sayansi ya kijeshi kwa miaka mitatu, chuo kikishirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, na akimaliza hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu. Anatoka akiwa Luteni Usu, na kazi anayo siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa mkulima wa korosho hili si jambo dogo, na wazazi wanaoshangilia tusiwacheke.

Hesabu ya pili ni ya miaka, na hii ndiyo watu wanayoiruka. Jeshi halikusomeshi ili ukishapata cheti ukatafute kazi benki. Linakusomesha ulitumikie. Ofisa haachi kazi kwa kuandika barua ya mwezi mmoja kama sisi wa maofisini. Anaomba ruhusa, na ruhusa inaweza kukataliwa. Akiondoka bila ruhusa, hilo ni kosa la kijeshi.

Wenzetu Marekani mambo haya huwekwa mezani mapema. Kijana anayesoma West Point bila ada anajua atalitumikia jeshi miaka 5 kamili na mingine 3 katika akiba. Anayesomeshwa kwa miaka minne katika chuo cha kawaida kupitia mpango wa ROTC anaweza kujitoa mwaka wa kwanza bila kudaiwa. Akiingia mwaka wa pili halafu akabadili mawazo, anaweza kutakiwa kurudisha fedha au kutumikia kama askari wa kawaida. Bure yao ina bei, na imeandikwa.

Sasa tuje kwenye mapenzi. Matangazo ya JWTZ ya kuandikisha vijana hutaka mtu ambaye hajaoa wala kuolewa. Kwa hiyo kama mlikuwa mnapanga harusi baada ya msimu wa korosho, mlango wa Monduli unaifunga harusi hiyo kwa sasa. Kutoka Nalasi hadi Monduli ni kuvuka nchi, kutoka mpaka wa Msumbiji hadi karibu na mpaka wa Kenya. Baada ya kamisheni kuna uhamisho, na kuna kazi za kulinda amani nje ya nchi. Desemba 7, 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Sisemi haya kukutisha. Nasema kwa sababu mke wa mwanajeshi huyabeba, na ni haki yake kuyajua kabla ya pete.

Dodoma nayo isikudanganye. Kweli, mwenye shahada anaweza kuomba jeshi baadaye na akichaguliwa kwenda kusomea uofisa. Lakini nafasi hazina ahadi, na matangazo huweka ukomo wa umri. Na likija dalali anayesema anauza nafasi, huyo ni tapeli. Nafasi za jeshi haziuzwi.

Basi kaeni chini wawili, zimeni simu, mwulize mambo manne. Kama Monduli wasingetoa shahada, bado angetaka kuwa mwanajeshi? Mkataba unamfunga miaka mingapi? Baada ya kamisheni, ruhusa ya kuoa hupatikana lini? Akishindwa mafunzo katikati, anarudi nyumbani na nini? La kwanza ajibu kwa moyo wake. Matatu yaliyobaki akayaulize jeshini kwenyewe, si kwa washikaji wa kijiweni.

Ushauri wangu ni huu. Kama jibu la kwanza ni ndiyo, mwache aende Monduli na umuunge mkono, maana Dodoma atasoma huku roho iko kwenye gwaride, na lawama zitakuja kwako. Kama anachotaka ni shahada ya bure tu, achukue mkopo. Deni la pesa lina siku ya kwisha, na anaweza kulilipa huku akifanya kazi anayoipenda.

Na wewe dada, usimzuie, ila usisubiri gizani pia. Miaka mitatu ni mingi kwa msichana asiyejua anasubiri nini. Akupe majibu ya maswali hayo, kisha useme wazi kama unaweza kusubiri au huwezi. Majibu yote mawili ni ya heshima.

Tukutane mwezi ujao.