Kiini cha Seli Hakingoji Kiingereza

Kuna hoja inayorudiwa katika semina za elimu nchini mwetu kana kwamba ni kanuni ya maumbile: kwamba sayansi ya juu haifundishiki kwa Kiswahili. Wanaoirudia ni wasomi, wengi wao wenzangu wa vyuoni, na mara nyingi huitetea kwa Kiswahili fasaha kabisa. Nimeamua kuijibu kwa mada ngumu kuliko zote ninazofundisha, yaani namna DNA inavyorudufishwa ndani ya kiini cha seli. Na ninayemkusudia si profesa, bali mwanafunzi wa kidato cha nne wa Kolo, wilayani Kondoa.

Kolo hujulikana kwa michoro yake ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtoto wa pale huongea Kirangi nyumbani na husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, Kiswahili chote alichojengea fikra zake huwekwa kando, isipokuwa katika vipindi vichache. Vijana wa namna hii ninawapokea kila mwaka. Nikiwauliza DNA hurudufishwaje, hunikariria sentensi ya Kiingereza neno kwa neno kutoka daftarini. Nikiuliza kwa nini iwe hivyo, kimya. Nikirudia swali kwa Kiswahili, mikono hupanda.

Basi tuitazame mada yenyewe. Seli moja ya binadamu ina DNA yenye urefu wa takriban mita 2, iliyokunjwa ndani ya kiini ambacho kipenyo chake ni kama sehemu 6 kati ya 1,000 za milimita moja. Uzi huo umegawanyika katika kromosomu 46, na kabla seli haijagawanyika sharti wote unakiliwe, mara moja tu, bila kuruka mahali wala kurudia. Kromosomu kubwa kuliko zote ina jozi za herufi zipatazo milioni 250. Vimeng'enya vinavyonakili husonga kwa mwendo wa herufi kama 50 kwa sekunde. Piga hesabu: kama kazi ingeanzia mahali pamoja na kwenda pande zote mbili, kromosomu hiyo peke yake ingechukua siku 29. Seli humaliza zote kwa saa zipatazo 8.

Siri ni kwamba seli haiharakishi vimeng'enya. Huanzisha kazi mahali pengi. Katika DNA yote kuna vianzio makumi ya maelfu. Kwenye kila kianzio nyuzi mbili huachanishwa, na panda mbili (kama za njia panda) huondoka kuelekea pande tofauti hadi kila moja ikutane na panda inayotoka kianzio jirani. Wala haziondoki zote kwa pamoja. Maeneo yenye jeni zinazofanya kazi, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ndani ya kiini, hunakiliwa mapema. Yale yaliyofungamana sana, mengi yakiwa yameegemea utando wa kiini, hungoja mwishoni.

Na nini huzuia kianzio kutumika mara mbili? Kibali. Kabla ya unakili kuanza, kila kianzio huvishwa protini maalumu zinazokiruhusu kufanya kazi. Kikishatumika, kibali kimekwisha, na seli haitoi kingine mpaka igawanyike. Watumishi wa umma wanaonisoma wataelewa upesi kuliko wanafunzi wangu: dirisha la vibali hufungwa kabla ujenzi haujaanza. (Laiti halmashauri zetu zingejifunza hapo.) Zaidi ya hayo, vibali hutolewa kwa vianzio vingi kuliko vinavyohitajika. Vya ziada hulala, na panda ikikwama njiani, kilicho jirani huamka kukamilisha kazi.

Sasa niambieni ni wapi hapo Kiswahili kiliposhindwa.

Mtu atasema haya ni ya maabara, hayamhusu mama wa Kolo. Yanamhusu sana. Nchini mwetu inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Dawa mojawapo inayopunguza vipindi vya maumivu ni haidroksiyurea, na dawa hiyo hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA, hivyo panda hupunguza mwendo. Seli za uboho, zinazogawanyika bila kupumzika, ndizo huumia upesi dozi ikizidi. Ndiyo maana damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara. Mhudumu wa afya aliyeyakariri haya kwa Kiingereza atamweleza nini mama anayetafuta nauli ya kumrudisha mtoto kwenye kipimo wakati mtoto anaonekana mzima? Atamwambia daktari amesema. Na mama, kwa haki kabisa, atauliza: kwa nini?

Tumeonywa zamani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari, serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wa Kiingereza, Criper na Dodd, walikuta Kiingereza cha wanafunzi wetu hakitoshi kujifunzia, na dawa iliyofuata ikawa mradi wa kuongeza Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote. Mtihani wa biolojia wa kidato cha nne bado uko kwa Kiingereza.

Wanaohofia utandawazi nawakumbusha jina ambalo kila mwanafunzi wa biolojia hulikariri: vipande vya Okazaki, vile vipande vifupi vinavyonakiliwa upande mmoja wa panda. Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke, walivigundua miaka ya 1960 wakiwa Nagoya. Walisomeshwa sayansi kwa Kijapani, kisha wakaiandikia dunia kwa Kiingereza. Kiingereza kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, lakini kama somo.

Istilahi nazo zisiwe kisingizio. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hoja pekee ninayoiheshimu ni ya vitabu: kweli ni vichache. Lakini mchapishaji gani atachapa kitabu kisichoulizwa mtihanini? Kwa hiyo ninaanzia mtihanini. Baraza la Mitihani litoe karatasi ya biolojia yenye kila swali kwa lugha zote mbili, na mtahiniwa ajibu kwa ile anayoimudu. Wasahihishaji wapo: ni walewale walimu ambao, mlango wa darasa ukishafungwa, hufafanua somo kwa Kiswahili.