Dawati la Jinsia linahitaji askari wake wa kudumu

Jeshi la Polisi Tanzania lina Madawati ya Jinsia na Watoto zaidi ya 400, na hilo ni jambo la kujivunia. Lengo lake ni jema: mtoto aliyebakwa au mke aliyepigwa asilazimike kueleza masaibu yake kaunta, mbele ya watuhumiwa na watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa. Hata hivyo, tumezoea kupima mafanikio ya huduma hii kwa idadi ya madawati yaliyozinduliwa, na kipimo hicho hakitoshi. Askari wa dawati akihamishiwa usalama barabarani, ujuzi wake unaondoka naye, na anayempokea anaanza upya. Kazi hii inapaswa kuwa fani kamili ndani ya polisi, yenye mafunzo, ngazi za vyeo na bajeti yake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya hao, takriban nusu tu ndio waliomweleza mtu yeyote. Mmoja kati ya watano alitafuta huduma, na mmoja kati ya kumi ndiye aliyeipata. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa meza na viti. Kesi ya ubakaji hujengeka au huharibika katika saa za mwanzo: fomu ya PF3 itolewe haraka, mlalamikaji afike hospitali kabla hajaoga, dawa za kujikinga na VVU zianze ndani ya saa 72, na mtoto ahojiwe bila kulishwa maneno. Askari asiyejua hayo, hata awe na huruma kiasi gani, huandaa jalada ambalo wakili wa utetezi atalipangua kwa urahisi.

Wapo watakaosema polisi hawatoshi, hivyo kumfunga askari kwenye dawati ni anasa. Mbona tuna Kikosi cha Wanamaji na Kikosi cha Mbwa na Farasi? Tulikubali kwamba kazi hizo zina ujuzi wake, na kumhoji mtoto aliyeumizwa na baba yake kuna ujuzi usiopungua huo. Wengine wanahofia kwamba askari akikaa mno sehemu moja atazoeana na watu na kupokea rushwa. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake ni kumhamisha kutoka dawati la wilaya moja kwenda dawati la wilaya nyingine. Na kwa wanaoamini kwamba ya nyumbani yamalizwe nyumbani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ugomvi wa matunzo unaweza kusuluhishwa. Ubakaji ni jinai, nao hauna suluhu ya kifamilia.

Wizara ya Mambo ya Ndani itenge fungu la madawati linaloonekana katika bajeti, na kila mwaka itangaze ni mashauri mangapi yalipokelewa, mangapi yalifika mahakamani na mangapi yalitolewa hukumu. Hapo ndipo wananchi watakapojua kama mlango tuliowafungulia wahanga unawafikisha kwenye haki.