Umeona, Umesikia, au Umedhani?

Mwezi huu tunataka kuwaeleza jambo lililotutokea hapa nyumbani kwetu Ipagala. Lilituaibisha kidogo, kisha likatufundisha.

Ilikuwa jioni moja ya Aprili 2024, mvua zikielekea ukingoni. Tulikuwa tumekaa uani tukichambua mlenda, pamoja na mama jirani aliyekuja kuazima ungo. Binti yetu wa miaka 12 alikuwa kwenye mkeka, akifanya kazi aliyopewa na mwalimu wake. Mwalimu alikuwa amewaandikia sentensi kumi, akawaambia waonyeshe kila sentensi kama ni jambo la hakika au ni maoni ya mtu.

Binti akawa anasoma kwa sauti. "Dodoma ni makao makuu ya nchi." Akaandika: hakika. "Hombolo kuna bwawa." Hakika. "Zabibu za Dodoma ni tamu kuliko matunda yote." Akaandika: maoni. Sisi tukapinga, tukasema hiyo nayo ni hakika, nani asiyejua! Tukacheka wote.

Kisha mama jirani akaanza habari nyingine. Siku zile wasichana walikuwa wanachanjwa mashuleni, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Akasema, "Mwenzenu nimeambiwa sindano ile inaua kizazi. Kuna binti huko mjini amechanjwa, sasa hazioni siku zake." Tukatikisa kichwa, tukajibu kama tunavyojibu siku zote: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Palepale tukakubaliana kwamba siku ya chanjo binti zetu watabaki nyumbani, na mwalimu ataambiwa tumbo linauma.

Binti akainua kichwa. "Mama, hilo alilosema mama ni hakika au ni maoni?"

Pakawa kimya. Mama jirani akasema, "Watoto wa siku hizi!" Sisi tukamtuma binti akaangalie moto jikoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Lakini usiku ule hatukulala upesi. Tulikuwa tumemlipia mtoto daftari na sare ili akafundishwe jambo hilihili, na alipolileta nyumbani tukamfukuza nalo.

Tofauti iko wapi?

Jambo la hakika ni lile linaloweza kupimwa, kuhesabiwa au kuthibitishwa na mtu yeyote, awe anatupenda au anatuchukia. Maoni ni jinsi mtu anavyoliona jambo kwa moyo wake. Tuchukue mfano wa mji wetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Hiyo ni hakika. Mama aliyezoea utulivu wa zamani atasema, "Mji umejaa mno." Mwenzake anayeuza mboga sokoni atasema, "Bado, waje wengine." Wote wawili wanatazama hesabu ileile, na hakuna aliyesema uongo. Wametoa maoni.

Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kwamba maoni ni kitu kibaya. Nyumba isiyo na maoni haina mazungumzo. Hatari iko kwa maneno ya aina ya tatu, ambayo katika daftari la binti yetu hayakuwa na nafasi. Ni maneno yanayosemwa kwa sauti ya hakika, lakini anayeyasema hajayapima. "Sindano ile inaua kizazi" si sawa na "zabibu ni tamu". Ama inaua kizazi, ama haiui. Jambo hilo linapimika, na wapo watu ambao kazi yao ni kulipima. Ila mama jirani hakuwa amelipima, na sisi tuliomwitikia hatukuwa tumelipima. Huo ndio uvumi.

Uvumi ulipofika karibu nasi

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya uani. Tuwakumbushe yaliyotokea katika mkoa wetu huu huu. Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa katika kijiji cha Iringa-Mvumi, Wilaya ya Chamwino. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Siku zile palikuwa na uvumi kwamba wanyonya damu wanazunguka vijijini. Yowe likapigwa, watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu na kuwachoma moto, na gari lao likachomwa.

Watu watatu waliondoka makwao kwenda kazini, wasirudi. Hebu tulipange jambo hili kama mtoto anavyopanga daftari lake. Kilichoonekana ni nini? Wageni, gari, na kazi ya udongo. Kilichosikika ni nini? Kwamba wapo wanyonya damu. Kilichodhaniwa ni nini? Kwamba ndio hawa. Kati ya kuona na kudhani pangetosha maswali mawili tu: "Ninyi ni akina nani? Nani anawajua hapa?"

Hatusemi haya ili kuwalaumu wana Chamwino peke yao. Hadithi za mumiani zilikuwapo tangu enzi za wakoloni, pwani na bara, na wengi wetu tulitishwa nazo utotoni ili tulale mapema. Mwaka 2017 hofu hiyohiyo iliwaua watu kusini mwa Malawi, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika baadhi ya maeneo. Wala hatusemi kwamba yowe ni desturi mbaya. Nyumba ikiungua, mtoto akipotea, mwizi akivunja, yowe ndilo linalotuokoa. Lakini anayelipiga yowe ameshika maisha ya watu mdomoni mwake, na anayelikimbilia anapaswa kufika akiwa na macho yanayotazama, si mikono yenye mawe tu.

Na sisi wanawake tunalo la kututisha zaidi. Huko Shinyanga, Mwanza na kwingineko, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na moja ya alama iliyotajwa ni macho mekundu. Macho mekundu yanaonekana, hilo ni hakika. Moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe unawasha macho. Hilo nalo ni hakika, aingie yeyote jikoni akapulize moto atalijua. Uchawi ulidhaniwa. Sisi tuliopika kwa kuni tangu tukiwa wasichana, macho yetu yatakuwa na rangi gani tukizeeka?

Tuanzie wapi?

Mwalimu anafundisha darasa zima, na kipindi kikiisha anaingia mwingine. Sisi tunakaa na watoto asubuhi na jioni. Haya ndiyo tuliyoanza kuyafanya nyumbani kwetu, na tunayaleta kwenu myajaribu.

Kwanza, tuna swali la maneno matatu. Mtoto akileta habari, tunamwuliza: "Umeona, umesikia, au umedhani?" Wiki moja mdogo wake binti alirudi analia, "Mwalimu ananichukia." Tukamwuliza, umeona nini? Akasema alinyoosha mkono mara tatu, mwalimu asimchague. Basi, hilo la kunyoosha mkono ameliona. La kuchukiwa amelidhani. Kesho yake aliambiwa asogee mbele, kwa kuwa huko nyuma alikokaa hakuwa anaonekana. Tungeanza kumsema mwalimu jioni ile, mtoto angejifunza kuchukia kwa sababu ya kiti.

Pili, mtoto akitoa maoni tunamdai "kwa sababu". Akisema shamba la babu ni zuri kuliko letu, mwache aseme, kisha aeleze sababu yake. Maoni yenye sababu yanaweza kujadiliwa. Maoni yasiyo na sababu yanabaki kuwa kelele, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Tatu, tumewaruhusu watoto watuulize na sisi, kwa adabu. Tunajua hapa baadhi ya akina mama watakunja uso. Mtoto amwulize mkubwa amejuaje? Lakini yako maneno ya heshima ya kuuliza nayo. Tumewafundisha waseme, "Samahani mama, hayo tumeyajuaje?" Tukumbuke watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume. Walihubiriwa na Paulo mwenyewe, wakayachunguza Maandiko kila siku ili waone kama mambo ndivyo yalivyo. Hawakuitwa wakosefu wa adabu, walisifiwa.

Nne, na hili ndilo gumu, tunachunga ndimi zetu. Watoto wanatusikiliza tukichambua mboga. Tukisema, "Fulani ana majivuno," wamejifunza kudhani. Tukisema, "Jana nilimsalimu hakuitika," wamejifunza kusema walichokiona, na huenda hata sisi tukakumbuka kwamba jana alikuwa anatoka msibani.

Tano, simu. Siku hizi uvumi hauji na ungo wa kuazima tu. Unaingia mfukoni, na mwisho wake umeandikwa "watumie wengine kumi". Kabla ya kutuma, tuulize: nani ameandika, lini, na yaliyoandikwa yalitokea wapi? Ujumbe usio na jina, tarehe wala mahali, uishie kwetu. Mtoto akiona mama yake anaufuta, amepata somo ambalo haliko ubaoni.

Tulivyomaliza lile la sindano

Asubuhi iliyofuata tulikwenda zahanati, sisi na mama jirani. Tukamweleza muuguzi tuliyoyasikia, bila kuficha. Hakutucheka. Alituambia kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na kwamba inaletwa na virusi ambavyo chanjo hii inavizuia, ndiyo maana hutolewa mapema, kabla binti hajakutana na virusi hivyo. Nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka huo wa 2024 wakachanjwa wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011. Waliokuwa na miaka 12 wakati ule ni wanawake wazima sasa, na chanjo hiyo haijawazuia kuzaa.

Tukamwuliza kama haina madhara kabisa. Akasema mkono huuma siku moja mbili, wengine hupata homa kidogo, na wako wasichana wanaozimia kwa muda mfupi, ndiyo maana hukalishwa kwanza kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Hapo ndipo tulipomwamini zaidi, kwa kuwa hakutuambia mazuri peke yake.

Mama jirani akauliza juu ya yule binti wa mjini. Muuguzi akasema wasichana wa umri ule mara nyingi siku zao hazina mpangilio kwa miaka ya mwanzo, waliochanjwa na wasiochanjwa. Kisha akamwuliza kwa upole, "Mama, huyo binti wewe ulimwona?" Jirani yetu akafikiri. Hakumwona. Aliambiwa na mwanamke sokoni, naye yule mwanamke aliambiwa na mwenzake.

Binti yetu alichanjwa wiki ileile. Mkono ulimwuma siku moja, akakataa kutwanga, tukamsamehe. Mama jirani alisema atazungumza kwanza na mumewe. Hatukumlaumu, maana uamuzi wa mtoto ni wao. Lakini tangu siku ile hatujamsikia tena akisema sindano inaua kizazi. Juzi hata alimkatiza mwenzetu mmoja bombani aliyekuwa analeta habari ya nyumba ya watu, akamwuliza, "Umeona, umesikia, au umedhani?" Wote waliokuwa na ndoo wakanyamaza, naye mwenye habari akajitwisha maji yake akaenda.

Akina mama, tusingoje mtihani ndipo tujue kama watoto wetu wameelewa. Mtihani wao halisi utakuja siku watakaposikia yowe, na mwalimu hatakuwapo. Siku hiyo watafanya walichotuona sisi tukifanya.

Na kuhusu zabibu za Dodoma, bado tunashikilia kwamba utamu wake ni hakika. Binti anasema ni maoni. Tumemwambia alete sababu zake. Mpaka mwezi ujao, Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.